Sanduku Lisilo na Laini

Huruma, Eldoret. Alhamisi, Mei.

Asubuhi ya baridi, kavu. Mawingu yamelalia mabati tangu alfajiri, na jirani yangu anayetengeneza milango ya chuma ameanza kugonga mapema kuliko kawaida. Sina huzuni wala furaha. Nina jambo la kuandika kabla halijapoa, na kwa vile wasomaji wa ukurasa huu ni wachache na wavumilivu, nitaliandika polepole.

Kwa muda sasa nimekuwa na desturi ambayo sikumwambia mtu. Nikiamka, kabla ya chai, naangalia simu nione kama mvua ilinyesha usiku kule Burnt Forest. Si utabiri. Nataka mvua yenyewe, iliyokwisha kuanguka na kupimwa kwa milimita. Kinachoipima ni kifaa kilichowekwa juu ya nguzo, ndani ya sanduku jeupe, katika shamba ambalo zamani lilikuwa langu.

Wiki iliyopita kifaa kilinyamaza.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza: niliishi kule miaka mingi nikiwa karani wa ghala la mahindi. Nyuma ya nyumba nililima viazi, na kila asubuhi nilipima mvua kwa chupa ya kioo yenye mistari, kwa sababu tu napenda kujua. Kisha ukaja ule mwaka wa uchaguzi na vurugu zake, tukatoka. Waliotoka wanajua, na wengine wamesoma. Sitarudia. Baadaye nilimuuzia jirani yangu shamba, kwa hiari, kwa kadiri neno hilo linavyoweza kutumika. Alikuwa mtu mwema, na sasa ni marehemu. Shamba limebaki kwa mjane wake, Mama Kiprono, na mwanawe Kiprono, ambaye ni mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa viazi.

Nami nikaja Huruma kukaa kidogo. Bado nakaa kidogo.

Kikundi hicho ndicho kilichotaka kifaa. Viazi vya kule vina adui anayekuja na ukungu. Majani yakikaa na unyevu usiokauka, yanageuka meusi, na baada ya siku chache shamba zima linanuka uozo. Kifaa kinapima mvua, joto na unyevu wa hewa, kisha kinawatumia wakulima ujumbe mfupi: piga dawa, au ngoja. Anayepiga mapema amemwaga dawa bure. Anayechelewa hana viazi.

Kiprono aliponiomba ushauri nilimpeleka kwa Akinyi, mama mmoja wa kanisani kwetu ambaye kazi yake ni kufunga vifaa vya namna hii kwenye matangi ya maziwa na nyumba za kuoteshea nyanya. Akinyi akaniuliza nguzo isimame wapi. Nikamwambia: juu kidogo ya kisima, mahali palipo wazi, mbali na miti. Kitaalamu palikuwa mahali sahihi. Pia ndipo chupa yangu ilipokuwa ikisimama.

Sikusema uongo. Sikusema yote.

Jambo la pili. Siku ya kuandikisha laini ya kifaa, kikundi hakikuwa na karatasi zake bado na Kiprono alikuwa safarini. Mimi nilikuwa hapa mjini na kitambulisho mfukoni. Laini ikaandikishwa kwa jina langu. Wakulima wote wanapata ule ujumbe wa dawa, lakini vipimo vyenyewe vya kila asubuhi vinakwenda kwa mtu mmoja tu, mwenye jina. Ndivyo nilivyopata desturi yangu.

Sasa laini yenyewe. Si kadi. Ni ile inayoitwa eSIM: kipande kidogo kilichochomelewa ndani ya kifaa tangu kiwandani, na mtandao unaingizwa humo kwa mbali, kama maandishi kwenye ukurasa. Akinyi alinieleza sababu. Kadi ya kawaida ikiwa juu ya nguzo hutikiswa na upepo, huingia kutu, au huibiwa na mtu anayetaka bando. Na mtandao mmoja ukizorota, si lazima fundi apande na ngazi kubadilisha kadi. Kifaa kinaambiwa kihamie mtandao mwingine, kinahama kikiwa pale pale.

Kuhama ukiwa pale pale. Sentensi hiyo nilikaa nayo.

Kilichotokea wiki iliyopita ni kwamba mnara unaohudumia upande ule ulizimwa ili urekebishwe, na kifaa kikanyamaza. Na kifaa kikikosa mtandao, kila mtu nchi hii anajua dawa. Unazima. Unafungua. Unatoa laini, unaipangusa kwa shati, unaipuliza kwa mdomo, unairudisha. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi na sijui hata kama husaidia. Kiprono alipanda juu ya kiti, akafungua sanduku ili atoe laini aipanguse.

Hakukuwa na laini. Hakukuwa hata na mahali pa kuiweka.

Akanipigia Jumapili, mimi nikitoka kanisani.

"Mzee, hii kitu haina laini. Yaani haijawahi kuwa na laini."

Nikamwambia laini imo ndani, imechomelewa, haitolewi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliye jikoni, "Mama anauliza, kama haina laini, inafanya nini hapa? Anasema hiyo ni bikoni. Anataka itolewe wiki hii."

Bikoni, kwa asiyejua, ni lile jiwe au chuma linalozikwa na watu wa kupima ardhi kuonyesha mpaka. Mahali pengine neno hilo lingekuwa la kuchekesha. Kule, nguzo isiyoeleweka kazi yake, ambayo mahali pake palichaguliwa na mtu aliyekuwa na shamba kabla yako, si utani. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefikiri hivyo hivyo, tena mapema zaidi.

Niliona mambo mawili kwa pamoja. Ukungu ulikuwa umeshaanza, na kikundi kizima kingekosa onyo katika majuma mabaya kuliko yote. Na mimi, baada ya miaka yote hii ya kutoomba kitu, nilikuwa nimekuwa yule mtu anayetaka kurudishiwa shamba lake.

Jumanne tulikwenda, Akinyi na mimi, kwa gari lake dogo lenye ngazi juu. Sikuwa nimekanyaga pale tangu siku ya kukabidhiana. Nyumba niliyoiacha haipo. Nilitarajia hivyo. Mikaratusi niliyoipanda ipo, nayo ni mirefu mno kwa kazi yoyote.

Mama Kiprono alikuwa ameketi nje ya jiko akichagua mbegu za viazi, zenye macho huku, zisizo na macho kule. Hakusimama.

"Karani," akasema. Ndivyo walivyoniita kule. "Kumbe bado unatembea."

"Bado, Mama."

"Na huyu?"

"Huyu ni fundi."

"Fundi ya kupima mashamba?"

Akinyi akacheka. "Hapana, Mama. Mimi ni wa mambo ya simu."

"Simu gani haina laini?"

Tukaenda wote mpaka kwenye nguzo, yeye akiwa mbele. Akinyi akalishusha sanduku, akalifungua, akamwonyesha kwa ncha ya bisibisi kipande cheusi, kidogo kama punje ya mtama. Mama Kiprono akavaa miwani.

"Hii?"

"Hiyo, Mama. Hiyo ndio laini."

"Itoe basi nione."

"Haitoki. Imechomelewa."

Akavua miwani. "Kitu chenye hakitoki kwa shamba yangu," akasema, "hicho ndio mimi naogopa."

Kiprono alijaribu kuingilia. "Mama, si tulisema tungoje fundi aeleze..."

"Wewe nyamaza. Wewe ndio ulifungua ukapata hewa."

Akinyi ana sifa moja ninayoiheshimu: watu wakigombana yeye huendelea na kazi. Alikuwa ameshachomeka waya kutoka kwenye kompyuta yake ndogo hadi ndani ya sanduku. Akatueleza huku akitazama skrini. Kifaa kilikuwa kizima. Kilikuwa kimeng'ang'ania mtandao wa ule mnara uliozimwa. "Inaita mnara wenye umelala. Inaita, haiitikiwi, inaita tena. Haijaambiwa kuacha."

"Kama wazee wengine," akasema Mama Kiprono, bila kunitazama.

Kiprono alijifanya anakohoa. Nami nilicheka kidogo, maana lilikuwa neno zuri na lilinilenga mimi.

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelisahau, au nilikuwa nimeliweka mahali pa kusahauliwa.

"Na hii laini ni ya nani?"

Akinyi, macho yake kwenye skrini, akajibu kama anavyojibiwa mteja yeyote. "Iko kwa jina la Mzee."

Hata Kiprono hakuwa anajua. Nilisikia kuku wakiparua majani nyuma ya kisima.

"Kwa hivyo jina lako liko ndani ya shamba yangu," akasema Mama Kiprono taratibu. "Na haiwezi kutolewa."

Nilikuwa na maelezo. Yote yalikuwa ya kweli: karatasi za kikundi, safari ya Kiprono, kitambulisho mfukoni. Niliyatazama moja moja kichwani, nikaona hakuna hata moja linalojibu alichosema.

Nikamuuliza Akinyi, "Jina linaweza kubadilika bila kung'oa kitu?"

"Linaweza. Si ndio maana ya eSIM, Mzee? Tunaleta laini mpya humu humu, ile ya zamani tunafuta." Akainua macho, akapunguza sauti. "Lakini vipimo vitaenda kwa mwenye jina. Wewe hutaviona tena."

"Najua."

Nilijua. Nilikuwa nimelijua hilo tangu Jumapili, na kwa siku mbili nilitumaini halitafika mahali pa kusemwa.

"Mama," nikasema, "lete kitambulisho."

Akanitazama kana kwamba nimemwomba figo. "Yangu? Ya nini? Weka ya Kiprono, yeye ndio mwenyekiti."

"Shamba ni la nani?"

Aligeuka akaenda nyumbani, akakawia. Akinyi alikuwa amemwambia Kiprono kwamba kuandikisha kunahitaji na picha, na nadhani sauti ilifika kwa mama yake, kwa sababu aliporudi alikuwa amebadilisha kitambaa cha kichwa. Alisimama karibu na nguzo akiwa amenyooka, mikono pembeni, kama watu wa zamani wanavyosimama kwa picha. Akinyi akampiga picha. Mama Kiprono akataka kuiona. Akasema ipigwe tena, ile ya kwanza imemfanya mzee.

Kazi yenyewe haikuwa na sherehe. Ndani ya kile kipande cheusi mna laini ndogo ya kuanzia, iliyowekwa na kiwanda, ambayo kazi yake ni moja tu: kwenda kuleta nyingine. Akinyi aliilazimisha kuamka, nayo ikaleta laini mbili za mitandao tofauti, moja ya kutumika na moja ya akiba. Kisha akaandika sharti ambalo halikuwepo mwanzoni: mtandao mmoja ukinyamaza, kifaa kihamie wa pili chenyewe, kisingoje kuambiwa na mtu, na kila siku kijaribu kurudi. Alisema kosa lilikuwa lake kwa kutoliandika tangu mwanzo. Alilisema mara moja tu, waziwazi, akaendelea.

Mwisho akafuta ile ya kwanza. Kwenye skrini jina langu lilikuwepo, kisha halikuwepo. Nguzo haikutikisika.

Baada ya muda simu ya Mama Kiprono ikalia ndani ya mfuko wa aproni. Akampa mwanawe.

"Inasema nini?"

"Inasema unyevu ni mwingi. Piga dawa kesho asubuhi."

Akatazama ukungu uliokuwa umekaa juu ya viazi, mzito kama sufi. "Hiyo hata mimi naona."

Lakini aliichukua ile simu, akairudisha mfukoni, na mkono wake ukabaki pale juu ya mfuko.

Nilidhani tumemaliza. Akinyi alikuwa amerudisha sanduku juu, anakunja waya. Mama Kiprono hakuondoka. Alikuwa anatazama chini ya nguzo.

"Karani. Shamba ni kubwa. Kwa nini uliwaambia hapa?"

Hili nalo lilikuwa na jibu la kitaalamu, kuhusu miti na upepo. Nililiacha.

"Hapa ndipo nilikuwa napima mvua."

Akafikiri. "Ile chupa?"

"Ile."

"Jembe iliipiga. Ule mwaka wa kwanza." Hakusema pole, wala sikuwa nangoja pole. "Marehemu alikuwa anataka akurudishie vipande. Nikamwambia, mtu atafanya nini na vipande?"

Nikasema ni kweli, chupa ni chupa.

"Ungesema tu," akasema. "Ungesema ni mahali pa chupa." Akagusa nguzo kwa kiganja, kama mtu anavyomgusa ng'ombe asiyemjua vizuri. "Basi ikae."

Njiani kurudi Akinyi aliendesha mpaka tukaanza kuona mji. Kisha akasema, kwa upole, "Mzee, naweza kukuwekea nakala ya vipimo. Inakuja kwa simu yako kimya kimya. Hawatajua."

Alimaanisha wema. Nilifikiria kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kukiri.

Nikamwambia hapana. Nakala hiyo ndiyo ingekuwa bikoni.

Jana, Jumatano, niliamka nikanyoosha mkono kuchukua simu, nikaona picha ya harusi ya mtu na tangazo la mkopo. Nikaiweka. Nikanywa chai kwanza, jambo ambalo pengine ni bora kwa tumbo. Nilijiambia nimefanya jambo la haki. Nadhani ni kweli. Lakini jambo la haki halina milimita, na saa za asubuhi zilikuwa ndefu.

Nimesoma mengi kuhusu watu waliopoteza nyumba zao. Vitabu hivyo hupenda kuzungumza juu ya udongo, mizizi, makaburi. Sijawahi kuona kimoja kinachosema kwamba mtu anaweza kuishi vizuri kabisa bila kuliona shamba lake, mradi awe anajua kama limenyeshewa. Huenda ni mimi peke yangu. Ukarani huharibu watu kwa namna zake.

Sasa leo.

Nilikuwa sijawasha jiko. Simu ikaita, namba nisiyoijua.

"Karani, umeamka?"

"Nimeamka. Nani?"

"Nani! Mwenye laini."

Nikamsalimu Mama Kiprono, nikamuuliza habari ya nyumbani. Hakujibu habari ya nyumbani.

"Kumenyesha," akasema.

Nilitazama nje. Hapa Huruma vumbi lilikuwa limelala pale lilipolala jana.

"Ngapi?"

Nikamsikia akimwita Kiprono, akimsukuma asome, akimkemea kwa kusoma haraka. "Anasema ishirini na moja."

"Hiyo ni nyingi."

"Ni nyingi. Na si tulipiga dawa jana asubuhi, yote, mpaka ile ya chini. Majani bado kijani." Akavuta pumzi. Nilidhani amekata. "Sasa wewe unafikiria nitakuwa nakupigia kila siku nikusomee? Mimi si redio. Njoo usome mwenyewe."

Akakata kweli.

Nimeshika simu muda mrefu baada ya hapo. Milimita ishirini na moja, juu kidogo ya kisima. Sina kipimo kinachonipendeza kama hicho mwaka huu wote, na hiki cha leo kimesomwa kwa makelele.

Viatu vyangu vya mvua viko mlangoni, udongo wa Jumanne umekauka kwenye soli. Ni ule mweusi wa kule, unaong'ang'ania. Nilikuwa nimepanga kuviosha leo, maji yakija.

Sasa najiuliza: viatu vitakavyorudi kule kule, ya nini kuviosha?